Bure Inagharimu Kiasi Gani? Mzazi wa Tanga Kati ya Shule Binafsi na Shule ya Serikali

Jioni moja ya Desemba, jirani yangu wa hapa Makorora alinijia na karatasi mbili mkononi. Moja ilikuwa fomu ya kujiunga na shule ya msingi ya binafsi, imechapwa vizuri, ina muhuri, namba ya akaunti ya benki na tarehe za kulipa ada kwa awamu nne. Ya pili ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari, ambao mwalimu wa shule ya serikali ya mtaani alikuwa ameorodhesha kwa mkono mahitaji ya mtoto wa darasa la kwanza: sare jozi mbili, madaftari, penseli, ufagio wa chelewa. Jirani huyo anauza vitumbua asubuhi na mumewe ni mpakiaji wa mizigo bandarini, kwa hiyo kipato cha nyumba yao kinajaa na kupwa. "Kaka," aliniambia, "hii yenye ada naijua bei yake. Hii nyingine naambiwa ni bure, lakini sijui hiyo bure yenyewe inagharimu shilingi ngapi."

Swali lake ni la haki, na ninaliandikia makala hii kwa sababu ninaamini wazazi wengi wa mji wetu wanaamua jambo hili kwa kutazama sare ya mtoto wa jirani na basi la shule linalopita barabarani, wakati mambo yanayopaswa kupimwa yamejificha mahali pengine. Mimi mwenyewe nimesomesha mtoto mmoja shule ya serikali na mwingine shule binafsi, na kila upande umenifundisha kitu ambacho sikukijua nilipokuwa ninajaza fomu.

Tuanze na hiyo bure. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, ukaanza kutekelezwa Januari 2016. Kabla ya hapo mzazi wa mwanafunzi wa sekondari ya serikali alikuwa analipa ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa na shilingi 70,000 kwa shule ya bweni. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikaondolewa. Badala ya ada, serikali inapeleka ruzuku ya uendeshaji, ambayo kiwango chake kilichopangwa ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Katika ile 10,000 ya msingi, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya ununuzi wa vitabu, na 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Pigeni hesabu ya shule yenye watoto 1,000: ni shilingi milioni sita kwa mwaka, yaani laki tano kwa mwezi, na katika laki tano hizo mwalimu mkuu anatakiwa kununua chaki na karatasi, kugharimia mitihani ya ndani, kukarabati milango na madawati, na kuendesha ofisi. Mishahara ya walimu inalipwa na serikali mbali na fedha hiyo, lakini hata hivyo mtu anayejua kuendesha nyumba ataona mara moja kwa nini mwalimu mkuu analazimika kuita kikao cha wazazi.

Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulifafanua zaidi nani anabeba nini. Mzazi ndiye anayenunua sare, madaftari na kalamu, anayegharimia matibabu ya mtoto wake, na ndiye anayewajibika kwa chakula cha mtoto wa kutwa. Kwa hiyo elimu hii ni ya bila ada, na gharama zilizobaki zimegawanywa katika visehemu vidogo vidogo ambavyo havina risiti moja ya kuvijumlisha. Uji wa saa nne ambao wazazi wamekubaliana kuuchangia, nauli ya shilingi 200 ya daladala kwenda na 200 kurudi kwa mtoto anayeishi mbali, shilingi mia tano ya twisheni kwa siku anapofika madarasa ya juu: jirani yangu alipozijumlisha hizo kwa siku 200 za masomo, alipata shilingi 180,000 bila kuhesabu uji, sare wala viatu. Michango inayokubaliwa kwenye kikao ni ya hiari, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Mzazi anayeliona hilo likitokea ana haki ya kwenda kwenye kamati ya shule na kwa ofisa elimu kata.

Upande wa pili, ada za shule binafsi zinatofautiana mno kiasi kwamba wastani wowote ungepotosha, kwa hiyo tuchukue namba za kupigia hesabu tu, zisizo za shule yoyote. Tuseme ada, basi, chakula na sare kwa pamoja vinafika shilingi milioni mbili kwa mwaka kwa mtoto wa msingi wa kutwa, na milioni tatu kwa mwaka katika sekondari ya bweni. Kwa mfumo mpya wa miaka sita ya msingi na minne ya sekondari, hizo ni milioni 24 kwa mtoto mmoja, ikiwa ada haitapanda hata mara moja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, yaani milioni sita kwa mwaka kabla ya makato. Mtoto mmoja wa msingi katika mfano wetu anachukua theluthi ya fedha hiyo. Watoto wawili wanachukua theluthi mbili, na kodi ya nyumba, unga na dawa za mama mzazi kule Muheza zinabaki kugombania theluthi iliyobaki.

Hapa ndipo ninapomwomba mzazi asimame kidogo, kwa kuwa hasara kubwa niliyoiona kwa macho yangu haikumpata aliyechagua shule ya serikali wala aliyechagua binafsi na kuimudu. Ilimpata aliyeanza binafsi akashindwa katikati. Mpwa wa rafiki yangu aliondolewa katika shule ya mchepuo wa Kiingereza alipofika darasa la tano, biashara ya baba ilipoyumba, akahamishiwa shule ya serikali karibu na nyumbani. Alikuwa mzuri wa hesabu. Wiki ya pili alikaa mbele ya swali lililosema "Tafuta KDS ya 12 na 18" akaliacha wazi, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba Kigawe Kidogo cha Shirika ni kitu kilekile alichokuwa akikikokotoa kila siku kwa jina la Kiingereza. Mwalimu, akiwa na darasa lililojaa, alimhesabu miongoni mwa wazito. Ilichukua karibu mwaka mzima kijana yule kurudi mahali alipokuwa, na aibu ya kuwa mgeni katika lugha ya nyumbani kwao ilimkaa muda mrefu kuliko hesabu zenyewe.

Hivyo tunafika kwenye lugha, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote, hata kama wazazi wanazungumza zaidi kuhusu usafi na nidhamu. Katika shule za msingi za serikali, isipokuwa chache za mchepuo wa Kiingereza kama Olympio na Diamond za Dar es Salaam, masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Sekondari zote, za serikali na binafsi, hufundisha kwa Kiingereza. Mpasuko huo umedumu tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari, na pendekezo hilo halikukubaliwa. Miaka miwili baadaye wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu wakaona kwamba ni takriban asilimia kumi tu ya wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angeweza hata kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Sisi watu wa Tanga tunapaswa kulitazama jambo hili kwa hisia ya pekee, maana shule ambayo Wajerumani waliianzisha katika mji huu mwaka 1892, iliyokuja kuwa mama wa shule za serikali katika nchi hii, ilifundisha kwa Kiswahili, ikatoa makarani na walimu waliotumika pwani yote.

Shule binafsi za msingi za mchepuo wa Kiingereza zilichipuka kwa wingi baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 kufungua mlango. Kabla ya hapo wazazi wenye uwezo walikuwa wakipeleka watoto Kenya na Uganda, na kwa watu wa hapa mpaka wa Horohoro hauko mbali. Zilichipuka kwa sababu zilijibu hofu ya kweli. Mwanangu mkubwa, aliyesoma serikali, aliingia kidato cha kwanza akiwa na uwezo wa kueleza usanisinuru kuanzia mwanga wa jua hadi wanga unaohifadhiwa kwenye jani, na kwa miezi mitatu alikuwa kimya katika kipindi cha bayolojia. Siku mwalimu alipochora jani ubaoni na kutia mishale, alinyoosha mkono. Elimu alikuwa nayo tangu darasa la sita, ila ilikuwa imefungwa kwenye chumba ambacho ufunguo wake hakupewa.

Kwa niliyoyaona, basi, faida kubwa ya mchepuo wa Kiingereza hujitokeza kidato cha kwanza na cha pili, na baada ya hapo inapungua ikiwa mtoto wa serikali amevushwa salama katika miaka hiyo miwili. Mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, umerudisha Kiingereza kama somo kuanzia darasa la kwanza, baada ya miaka kadhaa ambayo lilianzia darasa la tatu ili watoto wa madarasa mawili ya mwanzo wajikite katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Hilo litasaidia, ingawa kujifunza lugha kama somo na kujifunzia masomo mengine kwa lugha hiyo ni kazi mbili tofauti. Na upande wa binafsi uangaliwe vilevile. Mtoto anayeongea Kiingereza kwa ufasaha sebuleni huenda amekariri sentensi za kwenye daftari, hasa pale ambapo mwalimu mwenyewe anakipapasa Kiingereza. Kipimo changu ni rahisi: fungua daftari lake la sayansi, chagua ukurasa, mwambie akueleze kwa Kiswahili kilichoandikwa pale. Akiweza, ameelewa. Asipoweza, ada inalipia matamshi.

Kitu cha pili kinachonunuliwa ni muda wa mwalimu. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa la msingi, na ada ilipoondolewa uandikishaji ukafurika kupita kiwango hicho katika shule nyingi za mjini. Madarasa 15,000 yaliyojengwa mwaka 2021 kwa mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 yalipunguza msongamano, lakini 12,000 kati yake yalikuwa ya sekondari. Mwalimu mwenye watoto 30 anasahihisha madaftari yote na kujua nani hakuja. Mwenye watoto 100 anasahihisha ya walio mbele. Hata hivyo wazazi wengi hawajui kwamba mwalimu wa serikali mara nyingi ndiye mwenye ajira ya kudumu na pensheni, na kwamba ajira za serikali zinapotangazwa, walimu wa binafsi huondoka katikati ya mwaka. Kwa hiyo, ukienda kuiangalia shule binafsi, usiulize tu walimu ni wangapi. Uliza waliopo wamekaa miaka mingapi.

Cha tatu ni wenzake darasani, na hapa ndipo matokeo ya mitihani yanapodanganya. Shule inayofanya usaili kabla ya kupokea mtoto, kisha ikaweka wastani ambao asiyeufikia anashauriwa kuhama, itakuwa na matokeo mazuri hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida, kwa kuwa imewachagua watakaofaulu kabla ya mtihani. Shule ya kata inapokea kila aliyepangiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora, likieleza kwamba kuzishindanisha shule zilizo katika mazingira tofauti hakuna tija. Niliunga mkono uamuzi huo. Ushahidi mzuri kwamba mchujo ndio unaobeba sehemu kubwa ya ufaulu ni shule za serikali zenyewe: Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala, zinazopokea wanafunzi wenye vipaji maalumu, zimekaa miaka mingi bega kwa bega na binafsi za gharama kubwa, na mwaka 2016 iliyoshika nafasi ya kwanza kitaifa kidato cha sita ilikuwa Kisimiri, sekondari ya serikali huko Arumeru. Jina la mmiliki kwenye ubao wa getini halikuwazuia.

Upo utafiti mmoja ambao ningependa kila mzazi wa shule ya serikali aujue. Ulifanyika katika shule 350 za msingi nchini mwetu, ukihusisha taasisi ya Twaweza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya nyongeza peke yake, baadhi walimu waliahidiwa bonasi kulingana na idadi ya wanafunzi waliofaulu majaribio ya lugha na hesabu, na baadhi zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua ufaulu. Ruzuku ikiambatana na bonasi iliinua waziwazi. Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba fedha zilipoongezeka shuleni, wazazi walipunguza kile walichokuwa wakitumia nyumbani kwa elimu ya mtoto. Nilipolisoma hilo nilijiona mimi mwenyewe mwaka 2016, nilivyopumua na kuacha kununua vitabu vya hadithi kwa sababu shule ilikuwa imekuwa ya bila ada. Niliona nimepumzishwa mzigo, kumbe nilikuwa nimemwondolea mwanangu kitu ambacho hakuna mtu mwingine angekirudisha.

Kwa familia nyingi za mji huu kuna jambo jingine ambalo halimo katika fomu yoyote, nalo ni chuo cha Kurani. Mtoto wa shule ya serikali hutoka mchana, akala, akaenda madrasa alasiri, akarudi kabla ya magharibi. Mtoto anayechukuliwa na basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudishwa saa kumi na moja jioni hana nafasi hiyo, isipokuwa shule yake ni ya Kiislamu na imeweka masomo ya dini ndani ya ratiba. Wapo wazazi waliogundua hilo baada ya kulipa awamu ya kwanza, na wakabaki kumnyang'anya mtoto Jumamosi na Jumapili yake yote. Siku ya mtoto wa miaka saba ina urefu wake, na kila kinachoingizwa ndani yake kinasukuma kingine nje, mara nyingi usingizi na mchezo.

Anayefanya uamuzi sasa azingatie pia kalenda. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 chini ya mtaala mpya wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia wanamaliza la saba, hivyo makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja. Mwenye mtoto katika makundi hayo, na mwenye uwezo wa kulipia miaka michache tu ya shule binafsi, ningemshauri fedha hiyo aitunze kwa ajili ya sekondari, ambako msongamano utakuwa mkubwa na lugha itakuwa ngumu, kuliko kuimalizia kwenye darasa la awali.

Jirani yangu na mimi tulikaa hadi taa za barabarani zikawaka. Tuligawanya kila jambo: lugha, muda wa mwalimu, wenzake, chuo. Aliona kwamba ada angeiweza kwa miaka mitatu, pengine minne ikiwa meli zitaendelea kuja, na hakutaka mtoto wake ahamishwe katikati. Binti yake alianza shule ya serikali Januari, na mama yake amefungua akiba kwenye simu anakoweka shilingi elfu mbili kila siku ya biashara, baada ya kutoa fedha ya unga na mafuta ya kesho. Sehemu ya akiba hiyo inanunua vitabu vidogo vya hadithi, kimoja cha Kiswahili na kimoja cha Kiingereza kila mwezi. Asubuhi, kabla ya wateja kujaa, binti anakaa kwenye kigoda kando ya jiko akisoma kwa sauti, na mama anageuza vitumbua huku akimwuliza neno hilo maana yake nini.